Ukili wa Waya

Niliharibu redio ya mjomba wangu kwa sababu ya kupenda urembo. Nakiri mapema, msomaji asije akapoteza muda wake kumshuku mtu mwingine. Mjomba mwenyewe alipoteza siku tatu akizishuku skrubu, na muda wote huo mimi nilikuwa nimeketi kando yake, kalamu mkononi, najua.

Nilikuwa nimekwenda kwake Bongwe kumalizia riwaya. Wenzangu wa Nairobi, wale tunaosomeana miswada kila Jumapili na kuumizana mioyo kwa adabu, niliwaaga kwa maneno mazito: nakwenda pwani kutafuta kimya. Bongwe haina kimya. Ina majogoo wasiojua saa, ina bodaboda zinazokatiza kwenda Ukunda, ina jirani mmoja mwenye redio. Lakini mjomba alikuwa na chumba cha wageni chenye dirisha linalotazama mihogo, na mkewe aliamini kwamba mtu anayeandika ni mgonjwa, hivyo alinilisha kila baada ya saa mbili. Nikakaa.

Mjomba alikuwa mtu wa redio melini kwa miaka mingi. Alipostaafu alirudi nchi kavu na ugonjwa wake uleule: alichukua leseni ya wale watu wanaozungumza kwa redio na wenzao wa nchi za mbali, bila faida yoyote, kwa mapenzi tu. Kila Jumamosi saa kumi alasiri alikuwa na miadi hewani na rafiki yake, Mngazija aliyefanya kazi pamoja naye katika meli moja, ambaye sasa alikuwa amerudi kwao Komoro na masikio yake yalikuwa yamekuwa mazito. Kwa simu hawakuweza kupatana. Simu ya nyumba ile ilikuwa ya mkwe, na mkwe alikuwa amehama na simu yake. Ilibaki redio.

Ili sauti ya mjomba ifike kwenye masikio yale mazito, ilihitaji kusukumwa, na wa kuisukuma alikuwa amplifaya: sanduku la bati, ukubwa wa kreti ya soda, na ndani yake valvu mbili, chupa za kioo zilizosimama wima kama chimni za kandili. Mjomba alipoiwasha, uzi mwembamba ndani ya kila chupa ulianza kuwa mwekundu, kisha rangi ya chungwa, kisha rangi ambayo nimejaribu kuiandika mara saba na bado haijakubali kuandikika. Ilikuwa kama kaa la moto linalopulizwa na mtu asiye na haraka. Nikatoa daftari.

"Waandika nini?" akauliza mjomba.

"Rangi."

"Andika volti mia nane. Halafu weka mkono wako mbali."

Yeye mwenyewe alikuwa na desturi yake ya mikono. Melini walifundishwa kwamba fundi anapoingiza mkono wa kulia katika mtambo kama ule, wa kushoto ukae mfukoni, umeme usije ukapata njia ya kupita kifuani. Lakini nyumbani mjomba huvaa kikoi, na kikoi hakina mfuko. Kwa hiyo aliuchomeka mkono wa kushoto kwenye mkunjo wa kiunoni, akafanya kazi ya hatari namna hiyo, mfano wa mtu anayezuia nguo isimwanguke mbele ya wakwe.

Hewa yetu ya chumvi haina huruma na shaba. Waya za amplifaya zilikuwa zimeota ukungu wa kijani, nyingine zikikatika kwa kuguswa tu. Na jicho moja la mjomba lilikuwa na mtoto wa jicho, naye akingoja siku ya kulazwa hospitalini Msambweni ashughulikiwe. Akanipa mzigo wa waya mpya na chuma cha kulehemu.

"Macho yako ni mapya, mpwa wangu. Toa zilizooza, weka hizi. Kila moja irudi palepale ilipotoka."

Nilizirudisha palepale. Ila zile za zamani zilikuwa fupi, zimekatwa kwa pupa, zimekakamaa kutoka pembe hii hadi ile kama maneno ya mtu aliyekasirika. Nilizionea haya kwa niaba yake. Mpya nilizikata kwa ukarimu, nikaziacha na nafasi ya kupumua. Kisha mikono yangu ikakumbuka kitu. Bibi yangu, mama yake mjomba, alikuwa msukaji wa mikeka huko Msambweni, na kabla sijajua kuandika jina langu alikuwa amenifundisha kusuka ukili, ule mshipi mrefu wa miyaa ambao ukishonwa mzunguko kwa mzunguko huwa mkeka. Nikazichukua waya tatu, ule unaoingiza sauti kwenye valvu, ule unaoitoa sauti ikiwa imekwisha kukuzwa, na ule wa kuzipasha valvu moto, nyekundu na nyeupe na buluu, nikazisuka ukili kutoka ncha hadi ncha. Ukalala ndani ya sanduku kama nywele za bi harusi.

Mjomba aliupapasa kwa vidole, maana jicho halikumtosha. Akaupapasa tena kurudi nyuma.

"Melini waya zilifungwa hivi," akasema. "Fungu kwa fungu, zimenyooka kama safu za msikitini. Ukiona waya zimefungwa vizuri wajua aliyefanya alikuwa mtu. Laiti Mama angeiona hii."

Nilikwenda chumbani nikaandika kurasa nne bila kusimama.

Jumamosi ile, saa kumi kasoro dakika chache, mjomba aliwasha. Amplifaya ina mita mbele yake, na sindano ya mita hupanda mtu anaposema. Hii ilipanda kabla mtu hajasema. Mjomba akaigonga kwa ukucha. Akabonyeza kitufe, akamwita rafiki yake. Papo hapo ikaja sauti kutoka ng'ambo ya ua.

"Baharia! Weh, baharia! Umeniulia redio yangu!"

Huyo ndiye jirani niliyemtaja. Ni mama mjane, mwenye umri wa mjomba, anayekaanga viazi karai chini ya kibanda cha makuti ubavuni mwa ua wetu. Jumamosi saa kumi ndiyo saa ya kipindi chake cha salamu katika stesheni moja ya FM, na yeye si msikilizaji tu. Hutuma salamu kila juma, kwa watu waliomkosea, ili wajue kwamba yungali hai na anawakumbuka.

"Nimesema neno moja tu, dada!" akajibu mjomba.

"Basi neno lako lina laana! Waanza tu kusema, redio yangu yafanya shwaaa!"

Mjomba aliachia kitufe ili asikilize. Na tukamsikia rafiki yake waziwazi, sauti kavu iliyovuka maji yote yale. "Kuna mtu anakoroma," ikasema sauti. "Ni wewe huyo? Kama ni wewe, amka."

Yalipita majuma matatu ya namna hiyo. Amplifaya ikiwashwa, jirani akipiga kelele na Komoro ikisikia mkoromo. Ikizimwa, jirani akitulia na Komoro haisikii kitu, maana bila kusukumwa sauti ya mjomba ilifika kule kama mbu katika chumba cha tatu. Lakini sisi tulimsikia yule mzee vizuri kila mara. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Jumamosi ya tatu aliita kwa robo saa nzima, akiacha nafasi ya jibu kila baada ya neno, na katika kila nafasi mjomba alisema, "Nipo, nipo hapa," ndani ya kipaza sauti kisichompeleka popote. Mwisho yule mzee akasema, "Nitaita Jumamosi ijayo, mara moja. Usipojibu nitaifunga redio hii niipe watoto waichezee, nami nitajua la kujua."

Mjomba alikaa akiitazama sindano. Kisha akauchomeka mkono wa kushoto kiunoni.

"Lete kitabu," akaniambia.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, kinene, cha herufi ndogo, na kazi yangu ikawa kusoma na kumtafsiria. Kabla hatujaanza alinieleza ugonjwa wenyewe. Nishawahi kuona harusini, mtu anaposhika kipaza sauti na kusimama mbele ya spika? Kinachotoka kinarudi kuingia, kinatoka tena kikubwa zaidi, mwisho panazuka yowe na wageni wanaziba masikio. "Hii ndiyo hiyo," akasema. "Ila yowe lake liko juu sana, masikio ya mwanadamu hayafiki. Redio ya huyu dada yafika, kwa kuwa stesheni yake iko hukohuko juu."

Na dawa? Dawa ni koili ndogo, waya mnene uliozungushwa mara chache juu ya rezista, kile kijiti kinachozuia umeme, kisha hiyo koili inawekwa juu ya kichwa cha valvu. Sauti yetu haina haraka, inapita katika mizunguko ya koili bila kuona tofauti. Yowe lina haraka mno, haliwezi kukata kona zile, linalazimika kupita ndani ya rezista, na humo linakwisha kwa kugeuka joto.

"Yowe linakufa kwa kugeuka joto," nikarudia. Nikaandika.

"Soma kitabu, mwanangu."

Nikasoma: "Mwandishi anasema kwamba idadi ya mizunguko ni jambo la hekima na majaribio, kwani ikizidi, rezista hubebeshwa mzigo usio wake, na ikipungua, yowe hupenya kama mgeni asiyepiga hodi..."

"Yeye kasema mgeni?"

"Hapana."

"Niambie mara ngapi."

"Mara tatu hadi sita."

Tulihitaji pia kipimo, na kipimo hatukuwa nacho. Mjomba akafikiri, akaenda uani, nikamsikia akisema na jirani kwa sauti ya kubembeleza kuliko yoyote niliyowahi kumsikia akimpa mkewe. Jirani akakubali. Alileta kigoda chake hadi kwenye ua, akaweka redio mapajani, akafungua stesheni yake, na kuanzia hapo akawa chombo. Sijaona mtu akiifurahia kazi namna ile.

Mizunguko mitatu.

"Sasa, dada?"

"Bado!"

Mizunguko minne.

"Sasa?"

"Bado, tena imezidi! Kwani mwaikaanga redio huko au mwaitengeneza?"

Mizunguko sita, na rezista ikatoa moshi mwembamba wa kijivu uliopanda kwa utulivu, wa kupendeza sana. Mkaza mjomba akauliza kutoka jikoni kitu gani kinaungua.

"Dawa, mke wangu!" akajibu mjomba.

Siku ya Jumatano, nikiwa nasoma ukurasa uliofuata huku mjomba akisubiri na kikombe chake cha chai, nilikutana na sentensi. Ilikuwa fupi. Ilisema kwamba kabla ya dawa yoyote, waya ziwe fupi kadiri iwezekanavyo, na waya wa kuingilia usikaribiane kamwe na waya wa kutokea. Nikaisoma kimoyomoyo. Nikauona ule ukili wangu ndani ya sanduku, wa kuingilia na wa kutokea, zimekumbatiana ncha hadi ncha, kila msuko ukimrudishia mwenzake yowe.

"Anasemaje?" akauliza mjomba.

Nimeandika wahusika waongo wengi na nikadhani najua uongo unavyoanza. Sikujua kwamba unaanza mdomoni, kichwa kikiwa bado kinatafuta la kusema.

"Anasema," nikasema, "skrubu zote zikazwe."

Mjomba aliniamini. Ndiyo adabu ya mtu anayesomewa. Jumatano yote alikaza skrubu. Alhamisi aligundua skrubu upande wa chini ambazo hakuwa anazijua, akazikaza hizo. Ijumaa aliporudi kutoka msikitini alizifungua zote, akazipangusa moja moja kwa kitambaa, akazikaza upya, mbili zikakatika. Kila baada ya muda aliupapasa ukili kwa upande wa kidole, bila kuutazama, kama mtu anavyomgusa mtoto aliyelala, kisha akaendelea kutafuta ubaya mahali pengine. Nami kila alipofanya hivyo niliona uso wa bibi na nikafunga mdomo.

Jumamosi asubuhi aliweka bisibisi mezani.

"Nimeshindwa," akasema. "Lakini haifai yule mtu aondoke hivi hivi. Wewe ndiye mwenye maneno. Niandikie barua ya kumuaga. Nitatafuta wa kuipeleka. Andika vizuri, kama unavyoandika vitabu vyako."

Nilichukua karatasi. Aya ya kwanza ilitoka nzuri kabisa, na hilo ndilo lililonitia hofu. Niliandika juu ya maji na chumvi na sauti ya mtu unayemsikia naye hakusikii, na nikajikuta natafuta kivumishi kizuri zaidi cha huzuni ambayo nilikuwa nimeisababisha mwenyewe kwa waya za rangi tatu. Nikaiweka kalamu.

"Mjomba. Ni ukili."

"Ukili gani?"

"Huu niliousuka. Kitabu kilisema waya ziwe fupi, na ya kuingilia na ya kutokea zisikaribiane. Kilisema tangu Jumatano."

Mjomba alinitazama kwa lile jicho zima. "Nisomee," akasema. "Neno kwa neno. Usiniwekee mgeni wala hodi."

Nikasoma. Nilipomaliza, mkaza mjomba alikuwa ametoka jikoni kuona kuna nini.

"Siku tatu," mjomba akamwambia mkewe, akininyooshea kidole. "Siku tatu nimekaza skrubu! Skrubu nyingine hata hazishiki kitu! Mpwa wangu mwenyewe!"

"Kwani hukumjua?" akasema mkaza mjomba. "Juzi alinisomea sentensi moja ya kitabu chake. Chai ikapoa kabla hajafika kwenye nukta."

Mjomba alijaribu kubaki na hasira, ikamshinda, tabasamu likamtoka pande zote mbili za mdomo. "Fumua," akasema. "Fumua, na ukate fupi. Hadi niseme basi."

Aliondoa plagi ukutani mwenyewe, akagusa ndani kwa fimbo yake ya kumalizia umeme uliobaki, ndipo akanipisha. Nilifumua. Waya zilitoka zimejikunja mawimbi, kama nywele zinavyotoka katika misuko ya majuma matatu, nami nikakata. Mjomba alikuwa amenisimamia. Nikikata, anasema, "Bado ndefu." Nikikata tena, anasema, "Bado yapiga hadithi." Mwisho kila waya ulikuwa umetoka hapa umefika pale, basi, wa kuingilia upande mmoja wa bati na wa kutokea upande mwingine. Ndani ya sanduku palikuwa kama jikoni mwa mtu asiyependa wageni. Vipande nilivyokata nilivikusanya, mjomba akavichukua bila kusema neno akavitia kwenye kopo la misumari.

Saa tisa unusu jirani aliketi kigodani pake. Mjomba akawasha. Sindano ilipanda kidogo tu, ikasita.

"Dada?"

"Ngoja." Akasogeza redio sikioni. "Imepungua. Bado yanguruma, lakini kwa mbali. Kama lori la kokoto likiwa barabara kuu."

Mjomba akazima, akachukua rezista mpya, akaikabidhi kwangu pamoja na waya mnene. Nikazungusha mara nne. Alihesabu kwa vidole, akipapasa kila mzunguko, kisha akahesabu tena, sikumlaumu. Tukaiweka juu ya valvu ya kwanza, na nyingine kama hiyo juu ya valvu ya pili. Saa kumi kasoro dakika nne.

Akawasha. Kile chekundu kikaja, kisha chungwa, kisha ile rangi. Sindano ililala chini kabisa, kama kitu kisicho na la kusema mpaka kiambiwe. Mjomba akabonyeza kitufe, akahesabu moja hadi tano ndani ya kipaza sauti, na sindano ikapanda kwa kila tarakimu na kushuka baada yake.

"Dada! Sasa?"

Kutoka uani: "Nyamazeni! Wanasoma salamu zangu!"

Mjomba hakungoja aitwe. Aliita yeye. Aliita mara moja, akaachia kitufe, na sote watatu tukaikodolea macho spika ile ndogo, mkaza mjomba akiwa na ubao wa kukatia vitunguu mkononi. Palikuwa na mchakarisho wa hewa kwa muda mrefu. Halafu ile sauti kavu.

"Huyu ni nani anayetumia sauti ya marehemu?"

"Marehemu nani?" mjomba akapiga kelele, akasahau kubonyeza, akabonyeza, akasema tena. "Marehemu nani? Ni mimi! Mtambo uliharibika!"

"Ni wewe?"

"Ni mimi, bwana!"

"Subhanallah. Tumekusomea hitima jana."

Mjomba alitutazama, kisha akaitazama spika. "Hitima yangu? Si ulisema utaniita leo?"

"Nilisema. Lakini niliona ukiwa umekufa, kukuita leo ni heshima tu, na ukiwa hujafa, dua haiozi. Tukachinja. Watu wamekwisha kula. Sasa itakuwaje?"

"Iache hukohuko, iningojee," akasema mjomba. Machozi yalikuwa yakimtoka katika lile jicho zima na hata katika lile jingine. "Walikuja wengi?"

"Msikiti mzima. Nyama ilikuwa nzuri."

"Nani alilia?"

Hewa ikachakarisha. Jirani alikuwa ameacha kigoda chake na kuja dirishani, redio kwapani, imezimwa.

"Mimi," ikasema sauti. "Wengine hawakujui."

Mjomba alibonyeza kitufe, akakohoa, akaachia. Akabonyeza tena na kumwambia kwa ukali kwamba siku nyingine asimlilie mtu kabla hajamuuliza.